Rafu Tupu, Ghala Limejaa

Chukua duka moja la kufikirika, la ukubwa wa kati, linalohudumia kaya 700. Kila kaya hununua pakiti moja ya karatasi za chooni kila baada ya siku 14. Gawanya: ni pakiti 50 kwa siku. Jana 50, leo 50, kesho 50. Meneja anaijua hesabu hii hata usingizini. Rafu yake inabeba pakiti 80, stoo ya nyuma ina 40 za akiba, na lori huleta 100 kila baada ya siku mbili. Hakuna anayelalamika, na hakuna hela iliyolala stoo bure.

Sasa taarifa ya habari inatangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona amegunduliwa nchini. Kesho yake asubuhi, tuseme kaya 210 tu kati ya zile 700, yaani asilimia 30, zinaamua kupita dukani siku hiyohiyo badala ya kungoja zamu yao. Na kila moja inachukua pakiti mbili badala ya moja. Si kumi, ni mbili. Zinahitajika pakiti 420 na zilizopo ni 120. Mteja wa 60 anaondoka na pakiti mbili za mwisho, wa 61 anakuta rafu kavu. Duka limefunguliwa saa 2 asubuhi, na saa 4 bado haijafika.

Ukichungulia makapu ya wale wateja 60 hutamkuta mlafi. Utamkuta mama anayejua kwamba shule zikifungwa watoto watashinda nyumbani, mzee asiyetaka kurudi kwenye msongamano wiki ijayo, na kijana aliyeona wenzake wanachukua mbili naye akachukua mbili. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa haba na haba hiyohiyo kibaba humalizika.

Jambo hili ndilo lililofichwa na picha za troli zilizofurika mwanzoni mwa mwaka 2020. Picha ya mtu mmoja aliyebeba pakiti 30 inachekesha, inakera, na kabla ya jioni imezunguka kwenye simu za mji mzima. Picha ya watu 200 waliobeba pakiti mbilimbili haipigwi na mtu, maana inaonyesha tu watu wakifanya manunuzi. Uingereza, kampuni ya utafiti wa masoko ya Kantar, ambayo hufuatilia manunuzi ya kaya moja moja, iliangalia takwimu za siku zile na kukuta kwamba ni asilimia 3 tu ya walionunua tambi kavu ndio waliobeba kiasi cha kupindukia. Kwa sabuni ya maji ilikuwa asilimia 6. Waliobaki waliongeza kitu kimoja au viwili kwenye kapu na kwenda dukani mara nyingi zaidi kuliko kawaida yao.

Tofauti hiyo inabadilisha dawa yote. Kama tatizo ni walanguzi wachache, wakamate yaishe. Kama tatizo ni watu wa kawaida 210 walioamka na wazo moja, matusi ya mitandaoni hayatasaidia kitu, na mara nyingi ndiyo yanayomwambia mtu wa 211 kwamba kuna mbio ambazo yeye bado hajaingia.

Kwa nini karatasi za chooni?

Swali hili liliulizwa kwa kejeli dunia nzima, kana kwamba watu waliugua tumbo na si kifua. Jibu lake halina kichekesho. Pakiti ya roli 24 ina ukubwa wa mto wa kulalia na faida yake ni ndogo. Duka halipendi kuiweka stoo kwa sababu inakula nafasi ambayo ingekaa bidhaa yenye faida mara tano. Kwa hiyo akiba ya dukani ni ya siku mbili tatu. Zaidi ya hapo, pakiti 20 zikiondoka, mita nzima ya rafu inabaki wazi na inaonekana kutoka mlangoni. Makopo 20 ya samaki yakiondoka, muuzaji anavuta mengine mbele na hakuna anayegundua kitu. Bidhaa yenye umbo kubwa hutangaza upungufu wake yenyewe.

Kiwandani nako hakuna nafasi ya kupumulia. Mahitaji ya karatasi za chooni hayapandi wala kushuka mwaka mzima, kwa hiyo mitambo hununuliwa ya kutosha mahitaji hayo tu, na hufanya kazi usiku na mchana siku saba za wiki. Hakuna mtambo wa akiba unaongoja kuwashwa siku ya dharura. Kiwanda kinaweza kupunguza aina (badala ya pakiti za namna kumi kitoe za namna tatu, ili kuokoa muda wa kubadilisha mipangilio ya mashine) na kupata nyongeza kidogo hapo. Kuongeza uzalishaji mara mbili ndani ya wiki hakiwezi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hawakulifikiria. Watu walipofungiwa nyumbani waliacha kutumia vyoo vya ofisini, shuleni na hotelini. Kampuni ya Georgia-Pacific ya Marekani ilikadiria kwamba kaya ambayo watu wake wote wanashinda nyumbani hutumia karatasi kwa asilimia 40 zaidi ya kawaida. Sehemu ya yale manunuzi ya ziada, basi, haikuwa hofu hata kidogo, ilikuwa hesabu sahihi. Na karatasi ya ofisini haiwezi kuhamia nyumbani kwa urahisi. Ni roli kubwa kama sahani, nyembamba, ya kufungiwa kwenye kasha la ukutani, inayouzwa kwa katoni kupitia wasambazaji wengine kabisa, bila hata alama ya kusomwa na mashine ya keshia. Mashine inayozungusha roli hiyo haigeuki usiku mmoja ikaanza kutoa roli ndogo. Ndiyo maana maghala ya kuhudumia hoteli yalikuwa yamejaa wakati rafu za rejareja zimekauka, katika mji mmoja, wiki moja.

Unga wa ngano Uingereza ulikuwa na kisa hichohicho, tena wazi zaidi. Karibu asilimia 4 tu ya unga wa nchi ile huuzwa madukani kwenye mifuko midogo. Uliobaki huenda kwa magunia na kwa malori ya tangi hadi kwenye viwanda vya mikate na biskuti. Watu walipoanza kuoka nyumbani, ngano ilikuwepo, vinu vilisaga saa 24, lakini mashine za kujaza mifuko ya kilo moja na nusu zilikuwa chache na zilikuwa zimefika kikomo. Baadhi ya maduka yenye sehemu ya kuoka mikate yalifungua magunia yao makubwa yakaanza kupima na kufunga kwa mkono. Kwa hiyo ukisikia unga umekwisha, uliza kwanza: umekwisha unga, au imekwisha mifuko?

Lisemwalo lipo

Mwaka 1948 mwanasosholojia Mmarekani Robert K. Merton alieleza mfano wa benki iliyo salama kabisa. Unazuka uvumi kwamba inafilisika. Wenye akiba wanakimbilia kutoa pesa zao, na kwa kuwa hakuna benki inayokaa na pesa zote za wateja mkononi, inafilisika kweli. Uvumi ulikuwa wa uongo hadi pale watu walipouamini. Waswahili walikuwa wameshalisema kwa ufupi zaidi: lisemwalo lipo, na kama halipo, li njiani laja.

Japani iliishi mfano huo mwishoni mwa Februari 2020. Ulisambaa uvumi kwamba karatasi za chooni zitaadimika, ati kwa sababu malighafi yake ni ileile ya barakoa na inatoka China. Haikuwa kweli. Karibu karatasi zote za chooni zinazotumika Japani hutengenezwa Japani. Serikali ilikanusha, wenye viwanda wakakanusha, picha za maghala yaliyojaa hadi darini zikawekwa hadharani. Rafu zikaisha vilevile.

Kwa nini? Jiweke mahali pa mtu mwenye akili timamu ambaye hauamini uvumi ule. Anajua ghala limejaa. Lakini anajua pia kwamba majirani zake baadhi wanauamini, na kwamba kesho watafika dukani kabla yake. Ghala kujaa hakumsaidii kitu iwapo rafu iliyo karibu naye itakuwa tupu kwa siku nne. Hivyo naye anakwenda, si kwa sababu ameamini uongo bali kwa sababu amekisia vizuri nini watafanya walioamini. Huyu ndiye mteja mgumu zaidi kumzuia, maana ukimpa ukweli unampa kitu ambacho tayari anacho.

Japani, kwa kweli, ilikuwa inarudia darasa. Mwishoni mwa 1973, bei ya mafuta ya petroli ilipopaa, akina mama wa eneo la Senri, Osaka, walipanga foleni za karatasi za chooni, na kutoka hapo mbio zikaenea nchini. Desemba ya mwaka huohuo Marekani, mchekeshaji wa televisheni Johnny Carson alitoa utani kuhusu upungufu wa karatasi hizo, na watazamaji wakaenda kuutimiza utani. Hakukuwa na ugonjwa wowote. Na Hong Kong, Februari 17, 2020, wanaume wenye visu walipora roli zipatazo 600 mbele ya duka katika eneo la Mong Kok. Jambazi halijishughulishi na kitu ambacho hakiuziki, kwa hiyo tukio lile lilikuwa kipimo kizuri tu cha soko la wiki ile.

Kutokana na hayo, tangazo la «msiwe na taharuki, bidhaa zipo za kutosha» ni tangazo baya. Msikilizaji analitafsiri hivi: kumbe watu wana taharuki. Linalofanya kazi ni lile linalojibu swali analojiuliza akiwa mbele ya rafu. Kwa mfano: «Lori linaingia leo saa 10 jioni na pakiti 300. Kesho asubuhi linaingia jingine. Kila mteja pakiti mbili.» Hapo kuna saa, kuna idadi, na kuna uhakika kwamba aliye mbele yako hataondoka na zote. Mtu anaweza kwenda nyumbani akarudi kesho. Bila saa na idadi, karatasi ya tangazo ni pambo la ukutani.

Wakuu wa nchi nao waliteleza palepale. Singapore ilipandisha kiwango chake cha tahadhari kutoka rangi ya njano hadi ya chungwa Februari 7, 2020, siku ya Ijumaa, na jioni ileile foleni za mchele na tambi zilizunguka maduka. Waziri mkuu Lee Hsien Loong alilazimika kuzungumza na wananchi kesho yake. Rangi ilikuwa imebadilika, lakini maelezo ya nini kinabadilika dukani yalichelewa kwa usiku mmoja, na usiku mmoja ulitosha. Italia, rasimu ya amri ya kufunga mikoa ya kaskazini ilivuja usiku wa Machi 7 kabla haijatiwa saini, watu wakakimbilia stesheni za Milan kuwahi treni za kusini. India, Machi 24, waziri mkuu Narendra Modi alitangaza saa 2 usiku kwamba nchi nzima inafungwa kwa siku 21 kuanzia saa 6 usiku huohuo. Orodha ya maduka yatakayobaki wazi ilikuwepo, ila wengi waliisikia wakiwa tayari kwenye foleni. Masharti mawili yangepunguza haya yote: usitangaze marufuku bila kutaja, katika sentensi inayofuata, kile kitakachobaki wazi, na usiruhusu pengo la saa kadhaa kati ya uvumi na tangazo lenyewe.

Barakoa zilikuwa na tatizo la aina yake. Februari 29, 2020, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, Jerome Adams, aliwasihi wananchi waache kununua barakoa, akisema hazifai kuwakinga watu wa kawaida, na papo hapo kwamba wahudumu wa afya wakizikosa wote watakuwa hatarini. Mtoto wa darasa la nne angeuliza: kama hazifai, wahudumu wanazitakia nini? Aprili 3 taasisi ya kudhibiti magonjwa ya nchi hiyo, CDC, ikapendekeza barakoa za kitambaa kwa wote, na Juni 5 Shirika la Afya Duniani likapanua ushauri wake. Upungufu ulikuwa wa kweli. Machi 3 shirika hilo lilikuwa limekadiria kwamba wahudumu wa afya duniani wangehitaji barakoa milioni 89 kila mwezi, na kusema bei ya barakoa za hospitalini ilishapanda mara sita. Ungeweza kuambiwa ukweli huo mtupu: zipo chache, wahudumu kwanza, wewe jishonee ya kitambaa. Badala yake watu walipewa sababu isiyosimama, na ushauri uliofuata ukalipia gharama yake.

Naongeza hapa kwamba neno «taharuki» lenyewe linatumika ovyo. Enrico Quarantelli, mmoja wa waanzilishi wa kituo cha utafiti wa majanga kilichoanzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Ohio State, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuonyesha kwamba taharuki halisi, ile ya kukimbia bila kujali mwenzio, ni nadra sana kwenye majanga. Watu wengi husaidiana. Foleni ya dukani yenye watu waliosimama mita moja moja, kila mmoja na orodha yake mkononi, ni watu wanaopiga hesabu kwa taarifa chache walizonazo.

Kugawa kabla hakijaisha

Waliofaulu kutuliza foleni walifanya hivyo kwa kugawa. Taiwan ilizuia kusafirisha barakoa nje mwezi Januari, na kuanzia Februari 6, 2020 ikauza kwa kadi ya bima ya afya: mtu mzima barakoa mbili kwa wiki, wenye namba za kitambulisho zinazoishia na tarakimu witiri Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, wenye shufwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, Jumapili wote. Famasi zilionyesha akiba yake kwenye ramani ya mtandaoni, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kubahatisha. Kiwango kiliongezwa baadaye uzalishaji ulipokua. Korea Kusini iliiga kwa namna yake Machi 9: barakoa mbili kwa wiki, siku yako ikitegemea tarakimu ya mwisho ya mwaka wako wa kuzaliwa, 1 na 6 Jumatatu, 2 na 7 Jumanne, na kuendelea hivyo hadi Ijumaa. Faida ya mpango huu si haki peke yake. Unavunja ule mkusanyiko wa asubuhi moja, kwa kuwa kuwahi leo hakukupi kitu ambacho zamu yako haikupi.

Duka moja la Denmark lilitumia bei. Chupa moja ya kitakasa mikono kroni 40. Ukitaka mbili, kila moja kroni 1,000. Hakuna aliyekatazwa chochote, na chupa zikabaki.

Kwa duka la kawaida, kikomo kinafanya kazi iwapo kitawekwa kabla rafu haijakauka. Alama nzuri ya kuanzia ni mauzo ya saa moja kufikia yale ya nusu siku. Ukingoja kuona mbao za rafu, umechelewa. Weka kikomo kwa kundi zima la bidhaa na si kwa chapa moja, la sivyo mteja atachukua mbili za chapa hii na mbili za ile. Kiwekwe kwenye mashine ya keshia, isiwe kazi ya keshia kubishana na mtu mmoja mmoja, kwa sababu keshia wa zamu ya saa nane atachoka kabla ya foleni. Kikomo cha moja ni kikali mno kwa kaya ya watu wanane, nao watarudi mara tatu, wakiongeza msongamano uleule unaokimbiwa. Mbili huwa inatosha. Na usiweke kikomo kwenye bidhaa ambayo haijaguswa, maana kibandiko chenyewe ni tangazo.

Saa maalumu za wazee, zilizoanzishwa na maduka mengi Machi 2020, zilisaidia pale tu rafu zilipojazwa usiku uliotangulia. Zilipojazwa baada ya saa hiyo, wazee walikusanywa pamoja, ndani ya chumba kimoja, katikati ya ugonjwa wa kuambukiza, ili waonyeshwe rafu tupu.

Dawa ni suala zito kuliko yote. Rais wa Marekani alipoisifia klorokwini na ndugu yake haidroksiklorokwini mwezi Machi 2020, watu wakazikimbilia, na wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, wanaozimeza kila siku wakaanza kukosa. Juni mwaka huohuo majaribio makubwa ya Uingereza yaliyoitwa RECOVERY yalionyesha kwamba haidroksiklorokwini haikuwasaidia waliolazwa kwa korona. Aliyekosa tambi atapika kitu kingine. Mwenye lupasi hana cha kubadilisha.

Akiba ya nyumbani

Akiba haiozi, lakini inahitaji kalamu. Andika tarehe kwenye pakiti siku unayoifungua, na tarehe inapoisha. Tuseme pakiti ya roli 10 imedumu siku 16. Kasi yenu ni roli 0.625 kwa siku. Ongeza asilimia 40 ya kushinda nyumbani, unapata 0.875. Kwa siku 14 ni roli 12 na kidogo, basi weka 13. Huo ndio ukomo, wala si 48. Fanya hivyohivyo kwa sabuni, chakula kikavu na pedi. Kwa dawa za kila siku lenga akiba ya siku 30, kwa cheti cha daktari, na ya zamani itumike kwanza.

Namna ya kuipata akiba hiyo ni muhimu kuliko ukubwa wake. Rudi kwenye duka letu. Kaya zote 700 zikijiongezea pakiti moja kila moja kwa kipindi cha wiki nane, ni pakiti 12 au 13 zaidi kwa siku juu ya zile 50. Msambazaji anaziongeza kwenye lori bila hata kupiga simu. Kaya 210 tu zikifanya hivyo asubuhi moja, tumeshaona.

Kitakasa mikono ndicho kilichowatia watu wengi kwenye ufundi wa jikoni. Mchanganyiko wa Shirika la Afya Duniani, kwa lita moja, ni ethanoli ya asilimia 96 mililita 833, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 42, gliserini mililita 14.5, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi ijae lita moja. Chupa zilizojazwa hukaa saa 72 kabla ya kutumika, ili peroksaidi iue vijimbegu vya bakteria vilivyomo kwenye maji au chupa. Matokeo ni ethanoli asilimia 80. Wengi waliharibu hapa: walichukua spiriti ya asilimia 70, wakachanganya nusu kwa nusu na jeli ya shubiri ili iwe laini, wakabaki na asilimia 35, chini kabisa ya ile 60 inayotakiwa. Pombe kali ya kunywa ya asilimia 40 nayo haifiki hata kabla ya kuchanganywa. Na si kila spiriti ni ethanoli. Methanoli inafanana nayo kwa macho, na Iran mwaka 2020 mamia ya watu walikufa kwa kunywa pombe yenye methanoli, baadhi wakiamini pombe itawakinga. Sabuni ya kawaida na sekunde 20 za kusugua huvunja utando wa mafuta wa kirusi cha korona vizuri tu, nayo haikuhitaji foleni.

Blichi ya kufulia kwa ajili ya meza na vitasa: gawanya asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa 0.1, toa 1, na hiyo ndiyo idadi ya vipimo vya maji kwa kipimo kimoja cha blichi. Chupa ya asilimia 5 ni vipimo 49 vya maji. Osha kwanza kwa sabuni, kwani uchafu hula klorini. Usichanganye kamwe na siki, amonia au dawa za choo zenye asidi, hutoa gesi inayochoma mapafu. Mchanganyiko wa jana umwage.

Lori la wiki ya tatu

Turudi kwa meneja. Siku rafu ilipokauka aliagiza pakiti 300 badala ya 100, na alipoletewa 100 tu, safari iliyofuata akaagiza 500 akijua zitapunguzwa. Maduka mengine yote yalifanya vilevile. Msambazaji hakuona vyoo vya watu, aliona oda, naye akajiongezea kidogo ya tahadhari. Kiwanda kikaona oda ya msambazaji. Wataalamu wa ugavi huita hii athari ya mjeledi, kwamba mkono ukitikisika kidogo ncha inaruka mita mbili. Kampuni ya Procter & Gamble iliiona miaka mingi kabla kwenye nepi: watoto huchafua kwa kasi ileile mwaka mzima, lakini oda za nepi zilipanda na kushuka kana kwamba watoto wana misimu.

Kwa hiyo malori makubwa yanafika wiki ya tatu, na wiki ya tatu kaya zina pakiti kabatini na hazina haja. Mjini Adelaide, Australia, Aprili 2020, mteja alirudi dukani akitaka kurudishiwa pesa za pakiti 150 za roli 32 kila moja, yaani roli 4,800, na lita 150 za kitakasa mikono. Mwenye duka alikataa, kisha akakisimulia kisa hicho mbele ya kamera.

Meneja wetu anapiga simu kusimamisha oda. Anaambiwa zimeshapakiwa. Stoo imejaa, kwa hiyo pakiti zinapangwa kwenye korido hadi karibu na mlango, na kile kibandiko cha «mbili kwa kila mteja» kinabanduliwa. Kinachobandikwa mahali pake kinasema «nunua moja, upate moja bure».